Mto Unakula Nini

Mwaka jana mwezi wa nne, baba mdogo aliita mkutano wa familia kule nyumbani Kisii. Ajenda ilikuwa moja: mikaratusi iliyo chini mtoni. Tuliikata mara ya kwanza miaka sita iliyopita. Visiki vikachipuka, machipukizi yakawa miti, na sasa broka alikuwa amepita kuiangalia na kutaja bei. Kuiuza hakukuwa na ubishi, maana binamu yangu alikuwa ameshapata barua ya kuitwa chuo kikuu. Ubishi ulikuwa juu ya visiki. Baba mdogo alitaka viachwe vichipuke tena. Nyuma ya binamu kuna wadogo zake wawili, na mkaratusi ukikatwa leo, utakuwa tayari kwa soko wakati mtoto wa darasa la tano anamaliza sekondari. Hesabu yake ilikuwa safi.

Magokoro, yaani nyanya yangu mzaa baba, hakuwa na hesabu. Alikuwa na sentensi mbili tu. "Mto umekonda. Hata kaa hamna."

Halafu watu wote wakanigeukia mimi, eti kwa sababu mimi ndiye niliyesomea mazingira.

Acha nikiri mapema. Nilisomea, lakini sikumaliza. Niliacha mwaka wa tatu karo ilipokata, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa. Na semista mbili kati ya zile nilizosoma zililipwa na mikaratusi hiyo hiyo, ile awamu ya kwanza. Kwa hivyo nilipoulizwa mto una shida gani, nilikuwa naulizwa kuhusu kitu nilichokula mimi mwenyewe.

Siku hiyo sikuwa na jibu. Nikaomba mwezi mmoja. Nilirudi Nairobi na neno la magokoro kichwani, nikaanza kusoma usiku, nikitumia nywila ya rafiki yangu ambaye bado yuko kampasi. Nilidhani nitasoma mambo ya miti. Nikajikuta nasoma historia: ya reli, ya upofu, ya kaa, na ya namna tulivyozoea kuugusa ukingo wa mto bila kuuliza nani anakula pale.

*

Tuanze na jani.

Mto mdogo unaopita chini ya miti mikubwa una shida moja ambayo hatuifikirii: ni giza. Jua halifiki majini vizuri, kwa hivyo mwani na mimea ya majini haioti ya kutosha kulisha mtu. Lakini ukigeuza jiwe unakuta kumejaa wadudu, na wadudu hao wanaliwa na samaki, na samaki wanaliwa na ndege. Wote hao wanatoa chakula wapi?

Kinaanguka kutoka juu. Majani, matunda, maua, vijiti, wadudu wanaoteleza kutoka matawini. Mwaka wa 1973 wanasayansi wawili wa Marekani, Stuart Fisher na Gene Likens, walichapisha hesabu ya kijito kimoja kinachoitwa Bear Brook, huko New Hampshire. Walijaribu kufuatilia nishati yote inayoingia na kutoka katika kijito hicho, kama mhasibu anavyopekua vitabu vya duka. Wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya nishati ilitoka nje ya kijito chenyewe. Kile kijito kilikuwa kinakula msitu.

Lakini jani halitafunwi likianguka tu. Siku moja au mbili za kwanza linalowa kama majani ya chai kwenye sufuria: sukari na tanini zinatoka, maji yanapata rangi kidogo. Kisha kuvu wa majini wanaingia. Wanatuma nyuzi zao ndani ya jani, wanalilainisha, na miili yao wenyewe inaongeza protini juu yake. Jani lisilo na kuvu ni kama ugali mkavu. Likishapata kuvu, limepata mboga. Hapo ndipo wanakuja wachanaji: mabuu ya wadudu wenye taya za kukata, wengine wakijishonea nyumba kwa vipande vya majani hayo hayo, na kaa.

Na wachanaji ni walaji wachafu, asante Mungu. Wanaacha makombo, wanatoa mavi, na hayo yote yanateremka na maji. Kule chini kuna wengine wanaongoja: mabuu yenye vipepeo vidogo mdomoni ambavyo yanavitandaza kama wavu kukamata chembe zinazopita. Kwa hivyo jani lililoanguka mlimani linamlisha mtu ambaye hatawahi kuuona ule mti. Mkumbuke huyu wa wavu mdomoni. Atarudi kwenye stori hii, na hatarudi kwa uzuri.

*

Hayo yote nilifundishwa mwaka wa pili, kwa slaidi zenye picha za majani mekundu ya vuli. Mwalimu alieleza vizuri sana kwamba majani huanguka kwa wingi kabla ya baridi, na wadudu wa mtoni wamepanga maisha yao kufuata msimu huo. Sisi tukaandika. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza vuli ya Kisii ni mwezi gani.

Kwetu majani huanguka mwaka mzima, yakizidi kidogo wakati wa kiangazi. Maji ni ya uvuguvugu ukilinganisha na ya huko, kwa hivyo kuvu na bakteria hufanya kazi haraka. Na wataalamu walipoanza kutafuta wachanaji katika mito ya tropiki, mara nyingi walikuta wachache. Mwaka wa 2002 Michael Dobson, akiandika pamoja na watafiti Magana, Mathooko na Ndegwa, alichapisha makala kuhusu vijito vya nyanda za juu za Kenya. Nao walikuta wadudu wachanaji ni haba. Walichokuta kwa wingi katika vijito vingi ni kaa.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu chumbani. Kila mtoto aliyekulia karibu na kijito kule kwetu angewaambia hivyo bure. Tulikuwa tunashuka mtoni baada ya shule, unaingiza mkono polepole chini ya jiwe, unaomba usishikwe kidole kabla hujashika wewe. Kaa alikuwa mnyama wetu wa kwanza wa kuogopa na wa kwanza wa kushinda. Tulimjua kila mahali isipokuwa kazini kwake. Hatukujua kwamba yeye ndiye jikoni ya ule mto, kwamba akilikata jani la mkuyu vipande vipande kuna ukoo mzima unaongoja makombo.

Miaka kadhaa baadaye, mwaka wa 2014, Frank Masese na wenzake waliirudia hoja hiyo. Badala ya kumtazama mdudu na kukisia chakula chake kwa kufuata vitabu vya Ulaya na Marekani, walimpasua wakaangalia tumboni. Mtu aliyewekwa kundi moja kwenye kitabu cha kigeni, huku kwetu alikuwa na tumbo lililojaa majani. Walikuta wachanaji wa aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Na hao wengi walikuwa kwenye vijito vilivyobaki na msitu. Vijito vya mashambani vilikuwa vimewapoteza.

Kwa hivyo tulikuwa na shida mbili kwa wakati mmoja. Tulikuwa tunaisoma mito yetu kwa miwani ya watu wengine, na kufikia wakati tunapata miwani yetu, kingo nyingi zilikuwa zimeshafyekwa.

Zilifyekwa na nani, na kwa nini? Hapa ndipo nilipotegemea kupata maadui. Sikupata.

*

Magokoro ana hadithi ambayo sikuwahi kuitilia maanani. Kwamba zamani, akiwa msichana, watoto walikuwa wanakatazwa kukaa kivulini mtoni. Si kwa sababu ya mamba wala majini. Kulikuwa na nzi wadogo weusi wanaouma, na wazee waliokuwa wameishi karibu na mto walikuwa na ngozi ngumu yenye kuwasha, na baadhi yao walikuwa hawaoni. Nilidhani ni stori za kutisha watoto.

Sio stori. Ni ugonjwa wa usubi, upofu wa mtoni. Minyoo midogo inaingizwa mwilini na nzi anapouma, inazaliana, na watoto wao wanatembea chini ya ngozi hadi machoni. Magharibi mwa Kenya nzi aliyehusika alikuwa Simulium neavei, na alitesa watu katika mabonde ya Nyanza na huko Kakamega.

Mwaka wa 1946 wataalamu wa serikali ya kikoloni, Garnham na McMahon, walijaribu jambo jipya katika bonde la Kodera, si mbali na Kisii. Walitia dawa ya DDT mitoni. Mwaka uliofuata walitangaza kwamba nzi amekwisha pale. Jambo la kushangaza ni hili: wakati wanatia dawa, hakuna aliyekuwa anajua huyo nzi analelewa wapi. Mabuu yake yalikuwa yametafutwa kwenye mawe, kwenye nyasi, kwenye vijiti, yakakosekana. Waliutia mto wote sumu kwa sababu hawakujua ni nani ndani ya mto wanayemtafuta.

Jibu lilipatikana mwaka wa 1950. Van Someren na McMahon waliandika katika jarida la Nature kwamba wameyaona mabuu ya nzi yule. Yalikuwa yamempanda kaa.

Soma tena polepole. Buu wa Simulium ndiye yule mwenye wavu mdomoni anayekamata makombo yanayopita. Kaa ndiye mchanaji. Nzi yule alikuwa ameihamishia nyumba yake juu ya jikoni yenyewe. Anazunguka mto akiwa amebebwa, salama, mdomo wazi. Hata ugonjwa, kumbe, ulikuwa unakula kutoka kwenye kingo zile zile.

Mwaka wa 1951 mtaalamu mwingine, Buckley, akaongeza kipande cha mwisho. Alieleza kuhusu sehemu moja ya Nyanza ambako kichaka cha mtoni kilikuwa kimefyekwa, na nzi akatoweka. Nzi huyu ni wa kivuli na unyevu. Ukiondoa miti, umemvunjia nyumba hata bila sumu. Kufikia mwaka wa 1958 McMahon na wenzake waliweza kuandika, katika jarida la Shirika la Afya Duniani, ripoti ya kumwangamiza S. neavei nchini Kenya.

Mimi sitaandika hapa kwamba walikosea. Nina shangazi wa baba yangu ambaye angekuwa kipofu. Ukinipa uchaguzi kati ya macho ya watu na wachanaji wa majani, nachagua macho, na nadhani hata wewe. Ninachosema ni kitu kidogo zaidi. Watu wale walijifunza, kabla ya karibu kila mtu mwingine duniani, kwamba mti wa ukingoni, kaa na buu ni mnyororo mmoja. Lakini walijifunza kwa kuukata. Somo likabaki kwenye mafaili ya magonjwa. Kwa watu wa kawaida lilibaki kama desturi tu: kichaka cha mtoni ni kibaya, fyeka.

Kuna mtu mmoja ambaye somo hilo lilimpitia mkononi. Desemba 1960 na Januari 1961, mtaalamu wa mito kutoka Chuo Kikuu cha Liverpool aitwaye Noel Hynes alikuwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon na wenzake, wakichunguza kaa wa mtoni na yule nzi wao. Baadaye alihamia Kanada. Mwaka wa 1971 ulipotoka utafiti wake na Williams kuhusu wanyama wa vijito vya Elgon, mwaka huo huo alitoa pamoja na mwanafunzi wake Kaushik makala kuhusu yanayoyapata majani makavu yakianguka mtoni, wakionyesha kazi ya kuvu. Na mwaka wa 1975 akatoa hoja ambayo ilikuja kuwa msingi wa somo nililosomea: kwamba huwezi kuuelewa mto bila kulijua bonde lake. Sijui kama alipoandika hayo alikuwa anawakumbuka kaa wa Elgon. Ila nikifikiria zile slaidi zetu za majani mekundu, najiuliza ni vipi stori ilisafiri hadi Kanada ikarudi bila kaa wake.

*

Sasa mikaratusi.

Mkaratusi, ule tunaouita blugamu, ulitoka Australia, na ukaletwa Kenya mwaka wa 1902. Sababu ilikuwa reli. Garimoshi lilikuwa linakula kuni, misitu ya karibu na njia ilikuwa inaisha, na serikali ilihitaji mti unaokua haraka na kuchipuka tena ukikatwa. Mkaratusi ulijibu yote mawili. Injini za kuni zilishakufa zamani. Mti ukabaki, kwa sababu kila kizazi kiliupatia ajira mpya: kuni za viwanda vya majani chai, nguzo za stima, mbao za mjengo, na sasa karo.

Na ulishuka mtoni kwa sababu ya umbo la mashamba yetu. Kama umewahi kufika Gusii unajua. Nyumba iko juu karibu na barabara, halafu shamba linateremka kama utepe hadi mtoni. Kila mrithi anagawiwa utepe mwembamba zaidi, na kila utepe una kipande chake cha ukingo. Juu unapanda chai na mahindi. Kule chini ni tope, ni baridi, hakuna mazao yanayotulia. Babu yangu alifanya kile majirani wote walifanya: alipanda mti usiosumbuliwa na maji, unaokausha ile chepechepe na kukupa pesa. Hakuwa mjinga wala mchoyo. Alikuwa na watoto wanane na ekari mbili.

Mwaka wa 2006 sheria za ubora wa maji ziliweka ukanda wa kulindwa kandokando ya mito, kuanzia mita 6 hadi 30. Mwaka wa 2009, wakati wa ukame, waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye kingo za mito na maeneo oevu. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka wazee wakibishana redio ikiwa imewashwa. Mjadala wote ulikuwa juu ya kiu: mkaratusi unakunywa lita ngapi, nani alipima, mbona ule wa fulani uko mtoni na mto haujakauka. Wengine waling'oa. Wengi walingoja kelele ipite. Ikapita.

Hadi leo tukizungumza juu ya mkaratusi na mto, tunauliza unakunywa kiasi gani. Ni swali zuri. Lakini hatuulizi unalisha nini.

Chukua jani lake ulivunje, unuse. Yale mafuta unayovuta kwa mvuke ukiwa na homa ni silaha. Mti umeyatengeneza ili usiliwe. Jani lenyewe ni gumu, lina ngozi yenye nta, lina tanini nyingi na nitrojeni kidogo. Likianguka majini, kuvu wanachelewa kulishika, na wachanaji wanaliacha hadi mwisho. Ureno, ambako mashamba makubwa ya mikaratusi yalichukua nafasi ya misitu ya zamani, Abelho na Graça walionyesha mwaka wa 1996 kwamba vijito vinavyopita ndani ya mikaratusi vilikuwa na aina chache za wanyama wadogo kuliko vile vya msitu wa asili.

Na kuna hasara nyingine ambayo ni ya kihesabu tu. Ukingo wa zamani ulikuwa na miti mingi mbalimbali. Jani la omosocho ni laini, linaoza upesi. La mkuyu linafuata. Mengine magumu yanakaa miezi. Mto ulikuwa na chakula cha leo, cha wiki ijayo na cha kiangazi. Ukipanda mti wa aina moja, umemwekea mtu ghala lenye gunia moja, na gunia lenyewe ni la kitu asichokipenda.

Halafu tukikata yote kwa siku moja, kama tulivyofanya kwa karo yangu, jua linaingia ghafla. Maji yanapata joto, mwani unaota kwenye mawe, mvua inashusha udongo wa shambani na kuziba zile nafasi chini ya mawe ambamo tulikuwa tunaingiza mikono. Wanaofaidika na mwani wanaongezeka. Waliokuwa wanangoja majani wanaondoka. Mto haufi kwa kelele. Unabadilisha wapangaji.

Magokoro alisema mto umekonda. Nilidhani anasema maji yamepungua. Siku hizi nadhani alikuwa anasema kile ambacho neno hilo linasema. Kitu hukonda kikikosa kula.

*

Nikarudi nyumbani baada ya mwezi, na daftari. Ningependa kuwaambia kwamba nilitoa hotuba na watu wakalia. Nilieleza habari za kaa na nzi, na baba mdogo akasikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa heshima. Kisha akauliza, "Sasa huyo kaa atalipa karo?"

Hakuna aliyecheka. Binamu yangu alikuwa ameketi mlangoni akiangalia chini.

Nikamwambia ukweli: hapana. Kaa halipi karo. Babu alipopanda miti ile alikuwa na sababu. Reli ilikuwa na sababu. Wataalamu wa DDT walikuwa na sababu nzuri kuliko sote. Mimi nilipokubali ikatwe ili nisome, nilikuwa na sababu, na hata hivyo sikumaliza. Kila mtu aliyeugusa ukingo ule alikuwa na mtu wa kuokoa. Kwa hivyo sikuwa natafuta wa kulaumiwa. Nilikuwa naomba tu mto nao uhesabiwe kama mmoja wa wanaokula kwenye shamba lile.

Tukashuka sote hadi chini. Nikapima mita 6 kwa hatua kutoka pale maji hufika wakati wa mafuriko, kile kiwango cha chini kabisa cha sheria. Kiliingia mistari miwili ya visiki kati ya saba. Nikapendekeza hiyo miwili ing'olewe na tupande omosocho na mikuyu, na vichaka vingine viachwe vijiotee. Mistari mitano ya juu ibaki kwa watoto.

Baba mdogo alitembea kutoka kisiki hadi kisiki akihesabu kwa sauti ya chini. Alikuwa anahesabu nguzo. Alipomaliza alinigeukia.

"Hii miwili ni karo ya muhula mmoja," akasema. "Mtoto akifika huko na ikose, hilo ni deni lako. Umelisikia?"

Nikasema nimelisikia. Magokoro akasema yeye ni shahidi.

Mistari miwili ilitoka mwezi wa saba. Visiki vya mkaratusi havitoki kirahisi, tulilipa vijana wawili siku tano. Mwezi wa kumi na mbili nilipoenda, mbuzi wa jirani walikuwa wamekula karibu nusu ya miche, na ng'ambo ya mto mikaratusi ya watu wengine imesimama kama kawaida, ikimwaga majani yake upande wetu. Kijito hakijui mipaka ya tepe zetu. Mita zetu 6 kwa urefu wa shamba letu ni mlo mmoja kwa mtu mwenye njaa ya miaka.

Niligeuza mawe kadhaa. Kaa hakukuwa. Jani moja la omosocho lilikuwa limenaswa kati ya mawe mawili, limekuwa jeusi. Nililishika, lilikuwa na utelezi. Nikalirudisha pale pale nilipolitoa.

Nilipopanda juu magokoro aliuliza kama nimeona chochote. Nikamwambia bado. Akaniambia nisichelewe kulala, kesho twende tukaweke ua wa miiba, kabla mbuzi hawajamaliza ile nusu iliyobaki.

Binamu yangu yuko mwaka wa kwanza. Ananitumia ujumbe kila mwisho wa mwezi, na mimi namtumia kile makala kama hii inalipa. Deni nimeanza kulilipa mapema, sitaki linikute.